Paa la Jerusa

Kazi ya Eliakim ilikuwa kulisha boila kuni katika kiwanda cha chai karibu na Litein. Maisha yake yote ya ukubwani aliishi nyumba za kampuni, na hamu yake ilikuwa moja tu: kupigilia msumari kwenye ukuta wake bila kumwomba mtu ruhusa. Serikali ilipoanza kukata mishahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, wenzake walilalamika hadi chai ikapoa vikombeni. Yeye alijisajili kwa simu akangoja kura. Akapata! Ghorofa ya kwanza, ya kulipia polepole mpaka iwe yake.

Siku ya kuhamia, yeye na mkewe Dorine walikuwa wakipandisha godoro wakati mlango wa chini ulipofunguka. Akatoka Jerusa, mama yake Dorine, mpishi wa shule, ufunguo mkononi. Naye alijisajili kimyakimya ili awashangaze.

Aliwashangaza kweli. Kwao, upande wa ziwa, mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja hata kunyeshe mawe. Na jengo lile, ulitazame ukitokea Kericho au ukitokea Sotik, lilikuwa na paa moja.

"Hakuna ku-change nyumba, boss," alisema Kipkurui, msimamizi wa jengo. "Ukikataa, unarudi mwisho wa laini."

"Dorine, mwambie mume wako akae," Jerusa alisema akiangalia ukuta. "Mimi nitarudi kwa laini."

"Mwambie mama akae yeye," Eliakim akajibu, kajificha nyuma ya godoro. Adabu ilisema hivyo. Roho ilimuuma vibaya, maana msumari ulikuwa mfukoni tayari.

Wiki nzima akalala kiwandani kando ya boila, akija asubuhi kuitazama nyumba yake kama mgeni aliyekuja kuposa. Jumamosi akasikia nyundo huko chini. Kipkurui alishafika mlangoni, ameshika kichwa.

"Mama! Mabati ndani ya nyumba?"

Jerusa alikuwa amesimika nguzo nne kuzunguka kitanda chake na kukiezeka vizuri, mpaka mfereji wa maji ya mvua akaweka.

"Serikali imenipa nyumba, Mungu aibariki," alisema. "Paa langu nimejitafutia. Sasa hapa kuna mapaa mawili. Hesabu."

Kipkurui akahesabu. Eliakim akarudi nyumbani siku hiyohiyo, akapigilia msumari wake, akatundika picha ya harusi na kuitazama hadi Dorine akamwonea haya.

Kesho yake mabomba yalikuwa makavu. Eliakim alifungua la jikoni kujaribu, akalisahau wazi, akaenda kanisani na Dorine. Waliporudi, maji yalikuwa yakishuka ngazi. Dorine akakimbia juu kufunga, Eliakim akabaki mlangoni kwa mama mkwe, macho chini. Viti vilikuwa vimelowa chapachapa. Maji yalidondoka toka dari yakipiga ngoma kwenye mabati, na chini yake Jerusa, mkavu kabisa, alikuwa kitandani akinywa chai.

Dorine aliposhuka, mama yake akamwambia, "Mwambie mume wako asante kwa mvua. Na sebule pia inataka mabati. Misumari imeniishia."

Eliakim alipanda juu. Akaishusha picha ya harusi, akang'oa msumari, akarudi akauweka kwenye kiganja cha mkewe.

"Mpe mama," alisema. "Ukuta wangu hauendi mahali."