Funza katika Mguu wa Kuku

Kuku anaweza kuingiwa na funza? Swali hilo hunirudia kila ninaposikia harufu ya pini ikichomwa kwenye moto. Nililiuliza kwanza nikiwa na miaka minane, nimechuchumaa uani kwetu Kamembe.

Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, vita vilipozidi kule. Mdogo wangu Olivier alifika ngozi na mifupa, na muuguzi akamwagiza Mama ampe yai kila siku. Kuku wetu aliyekuwa akitaga alikuwa mmoja tu, mwekundu, mwenye hasira. Wengine wawili walikuwa bado matembe, hawajaanza kutaga. Alhamisi moja mwekundu akaanza kuchechemea, na yai halikuonekana.

"Kuku kilema ni muchuzi," alisema Papa, aliyekuwa akibeba mizigo ya watu mpakani. "Dimanshi tunamukula."

"Na kesho yake Olivier atakula nini?" Mama akamjibu.

Alimlaza kuku chali mapajani, mimi nikashika mabawa. Chini ya unyayo palikuwa na uvimbe wa moto, na katikati yake doa jeusi. Sisi tuliokuwa tukichokolewa vidole kila Jumamosi tulilijua doa lile.

"Funza," Mama akakata shauri. Akachoma pini motoni, akachokoa mpaka likatoka donge jeupe lenye umanjano. "Unaona? Mayai yake haya."

Nikaligeuza donge kiganjani. Lilikuwa kavu, kama sabuni iliyosahauliwa juani.

"Maman, kama ni funza, kichwa chake kiko wapi?"

"Weye mutoto, unaulizaka kama polisi ya mupaka!"

Akapaka mafuta ya taa, kama alivyotupaka sisi. Ijumaa kuku hakusimama kabisa.

Jumamosi akapita jirani yetu Mzee Isa, mwenye shamba la mpunga kule Bugarama. Yeye hakutazama mguu kwanza, alitazama juu. Kwa kuogopa paka wa pori, Mama alikuwa ameweka kijiti cha kulalia kuku karibu na bati la banda, na chini yake palikuwa na mawe matupu.

"Funza wapi, Maman Olivier! Kuku anarukaka toka kule mpaka ku mawe kila asubuhi. Weye ungeruka hivyo, ungetembea?"

Akakataza mafuta ya taa. Akaosha mguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaufunga kwa kitambaa safi, akashusha kijiti mpaka usawa wa goti langu. Jioni akaleta gunia la pumba za mpunga, tukazitandaza juu ya mawe. Mimi nikapewa kazi ya kupapasa nyayo za matembe kila wiki, kabla hawajachechemea.

Jumapili, ile Dimanshi yake, Papa akaja na kisu. Mama akasimama mlangoni pa banda.

"Unipike mimi kwanza."

Papa alimtazama, akacheka bila kutaka kucheka. Tulikula maharage. Wiki tatu baadaye mwekundu alikuwa akitembea tena, yai likapatikana, na Olivier akalila hata kabla halijapoa, kiini cha njano kikimtiririka kidevuni.

Basi hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Mama aliwatangazia wanawake wa sokoni kwamba alimtoa kuku funza. Mzee Isa alisema ni pumba zake. Mimi niliyelishika lile donge sikumwamini hata mmoja. Kama ni funza, mbona hana kichwa? Na kama ni kuruka tu, kile kitu kigumu kilitoka wapi? Niliwauliza wote wawili. Mama aliniambia nikachote maji. Mzee Isa alikuna ndevu, akasema Mungu ndiye ajuaye.

Nilikuwa chuo kikuu nilipofunua kitabu cha mwenzangu aliyesomea mifugo, nikiwa sitafuti chochote. Kilisema kuku akiruka kutoka juu huchubuka unyayo, vijidudu hupenya kwenye jeraha hilo dogo na kuacha kigaga cheusi, na usaha wa kuku hautiririki kama wetu: huganda ukawa mgumu, ukakaa pale pale mpaka mtu autoe, kama Mama na pini yake.