Nywele za Popi

Wewe ukiumwa na mbwa leo, utakimbilia wapi kwanza? Usinijibu haraka ili uonekane umesoma. Mimi pia nimesoma, nina vyeti viwili vimetundikwa ukutani, na bado najua mikono yangu ingefanya nini kabla akili haijaamka. Ingetafuta mkasi.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Asembo Bay, dawa ya mbwa ilikuwa mbwa. Akikuuma, mnakata nywele zake, mnazichoma kwenye kigae cha chungu, mnazisaga, majivu yanapakwa kwenye kidonda. Sharti lilikuwa moja tu, nywele ziwe za mbwa yuleyule. Za mbwa mwingine zingeleta maafa. Hayo tuliambiwa na dani, nyanya yangu mzaa baba, kwa sauti ileile aliyotumia kutuonya tusichezee moto, nasi hatukuwa na sababu ya kuamini moja na kuacha jingine.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa waya. Waya kwetu ni shangazi, dada ya baba. Alikuwa ametoroka kwa mumewe akarudi nyumbani na sanduku moja, mkono wa kushoto uliovunjwa ukaunga vibaya, na Popi, mbwa wa rangi ya chai ya maziwa. Mwanamke aliyeolewa akirudi kwao hapewi nyumba tena. Anaazimwa kona. Baba alimwazima nyumba ndogo karibu na ua, akamwambia mbele yetu sote huku akicheka, "Lakini hiyo kitu yako ikigusa mtoto wangu, mnarudi wote wawili huko mlitoka." Tulicheka. Waya pia alicheka, na macho yake hayakutoka kwa baba mpaka baba alipoacha kucheka.

Popi alimuuma ndugu yangu Omondi asubuhi ya Jumamosi. Omondi alikuwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kufukuza kuku waliodonoa omena za mama, dagaa wa ziwani walioanikwa kwenye nyavu. Popi hakubweka. Alitokea nyuma ya nyumba ya waya akiyumba kama mlevi, akamshika Omondi kwenye shavu la mguu, akamwachia, akaenda zake kana kwamba amesahau alichofuata.

Mama alimburuta mtoto hadi kwenye ndoo, akakisugua kile kidonda kwa kipande cha sabuni ya kufulia, maji baada ya maji, Omondi akipiga mayowe.

"Yawa, unaosha nini?" dani alimfokea. "Ukimaliza kuosha, dawa itashika wapi? Nani ataleta nywele?"

"Mimi," waya alisema. "Mbwa ni wangu."

Nilimpenda waya kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Ndiye aliyenisuka kila Jumapili bila kunivuta, mkono wake mbovu ukishikilia na mzima ukisuka. Kwa hiyo mchana ule, alipokawia, nilienda kumtafuta. Nilimkuta nyuma ya jiko la jirani, amepiga magoti, anakata nywele za Kamanda kwa mkasi wa kucha. Kamanda alikuwa mbwa wa jirani, mweusi tii, mpole, amelala chali akidhani anachezewa.

"Waya, huyo si Popi."

Hakushtuka. Au alishtuka, nami sikujua mtu mzima anavyoshtuka. "Popi amejificha," alisema. "Anaona haya."

"Dani alisema lazima..."

"Nywele ni nywele, Akinyi. Zikiungua zote ni nyeusi. Usinichongee, nyathina."

Nyathina, mtoto wangu. Yeye hakuwa na mtoto. Sikumchongea. Nilisimama pale dani alipopaka yale majivu, nikatazama, nikanyamaza.

Jumatatu mama alimpeleka Omondi zahanati, dani akinuna, waya akifuata nyuma. Nami nilikwenda, nimebeba viatu vya Omondi. Muuguzi alikuwa mama mnene aliyechoka, akauliza bila kuinua kichwa, "Mbwa ni wa nani? Yuko hai?"

"Yuko, sista," waya alijibu kabla mama hajafungua mdomo. "Amelala tu nyumbani. Hata majuzi tumemkata nywele."

Muuguzi alisema sindano za kichaa cha mbwa hapo hazikuwepo, mpaka Kisumu. Lakini kama mbwa ni wa nyumbani na yuko hai, basi afungwe na kuangaliwa siku kumi. "Akikufa, au akibadilika, usingoje kesho. Panda gari." Akamdunga Omondi ya pepopunda, tukarudi.

Siku kumi waya alituletea habari za Popi. Popi amekula. Popi amelala. Popi amefungwa ndani, ana hasira, watoto wasisogee. Kila asubuhi palikuwa na sahani mlangoni pake, na ilikuwa tupu. Siku ya kumi na moja alisema amempa mvuvi mmoja ampeleke ng'ambo, kwa sababu sasa anamwogopa. Baba alimsifu kwa busara yake.

Ni baada ya majuma mengine matano hivi ndipo Omondi alipoanza kujikuna kovu. Kisha akakataa kuoga. Kisha mama akamletea maji kwenye kikombe chake cha plastiki cha buluu, na mtoto akaanza kulia kabla kikombe hakijamfikia, koo likijifunga lenyewe. Alituomba tufunge mlango kwa sababu upepo wa ziwani ulikuwa unamuumiza. Mtoto aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka ufukweni. Pale Kisumu daktari alimtazama, akamwita baba nje, na baba aliporudi alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Siku tatu. Sitasema zaidi ya hapo kuhusu siku hizo tatu.

Matanga yalimpata mkosaji upesi. Ni mama. Ameosha kidonda kwa sabuni, ikaua nguvu ya dawa. Dani alilisema mara moja tu, na mara moja ilitosha. Wanawake waliokuja kuomboleza walimletea mama chai na kumwangalia mikono.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nywele zilikuwa za Kamanda, na mimi niliona, na sikusema. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua. Nilibeba hilo miaka kumi bila kumwambia mtu, hata katika maungamo kanisani, ambako nilikiri sukari niliyoiba.

Nikafika chuo kikuu. Alasiri moja maktabani nilifungua kitabu cha magonjwa nikasoma kurasa nne nimesimama. Nywele si kitu. Za Popi, za Kamanda, za paka, si kitu. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kwenye ngazi, watu wakanipita pembeni. Nilijisamehe siku hiyo, na mtu akishajisamehe harudi kuichunguza kesi. Kitabu kilekile kilisema mbwa mwenye ugonjwa huo haishi siku kumi baada ya kuuma. Nililisoma hilo, nikafunga kitabu. Akili ninayojidai kuwa nayo ingeuliza, Je, aliyekuwa akimaliza chakula cha ile sahani ni nani? Sikuuliza. Nilihitaji Popi awe hai, amejificha, anaona haya.

Mama aliniuliza mara moja tu, nilipokuja likizo. "Wewe umesoma. Ilikuwa sabuni?"

Nikamwambia hapana, sabuni ndiyo kitu pekee tulichofanya sawasawa. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeshukuru zawadi ambayo hataitumia.

Sasa naishi Kisian. Mwaka jana mbwa asiye na mwenyewe alimuuma binti yangu Hawi kando ya barabara. Niliosha kwa sabuni robo saa nzima, nikampakia kwenye gari, akadungwa sindano zote. Desemba tukaenda Asembo. Baba na dani wamelala karibu na Omondi siku hizi, na pale nyumbani wamebaki mama na waya, wajane wawili wa watu tofauti, wanaopika chungu kimoja. Mchana ule mama alikuwa anachambua omena kwenye ungo, waya ameketi kwenye mkeka karibu naye.

Hawi aliwaonyesha bega kama askari anayeonyesha cheo. "Daktari aliuliza kama mbwa yuko hai ama amekufa. Mami akasema hajulikani, ndio nikadungwa zote."

Waya akaniuliza, "Bado wanauliza hivyo?"

"Ndilo swali la kwanza, waya," nilisema. Nikamtuma Hawi akanichotee maji, na alipokwenda, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nilikuona na Kamanda siku ile. Na mkasi."

Mama akainua kichwa. "Kamanda gani?"

Nilidhani naungama kosa langu. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili na bado nilidhani habari yenyewe ni nywele.

Waya hakuniangalia. Alimgeukia mama, akamwita jina ambalo hakuna aliyelitamka pale nyumbani tangu tuzike.

"Mama Omondi, haikuwa sabuni."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya omena.

"Popi alikuwa ameshakufa. Mimi mwenyewe nilimgonga na mchi, mchana wa hiyo Jumamosi, nikamfukia kwa shimo la takataka. Hiyo sahani nilikuwa nakula mimi. Ningesema, mngenirudisha kwa yule mwanaume." Aliufunika mkono wake mbovu kwa ule mzima. "Alikuwa anatoa povu. Nilijua ni nini, hata nywele zake nikaogopa kuzishika. Nikaenda kutafuta mbwa mwingine."