Bi Mkondo, nahodha asiyeonyesha kisiwa cha uongo

Jua ndiyo kwanza linapanda. Mwanamke aliyevaa kofia ya majani na raba zilizokatwa visigino anapiga magoti ukingoni mwa gati, anachovya kidole mtoni, anakionja, kisha anatema pembeni.

"Chumvi imeshafika," anawaambia abiria wake. "Bahari imeingia mpaka hapa, maana yake maji yamejaa. Pandeni sasa. Tukipiga soga yatatukimbia."

Abiria wanatazamana. Mmoja wao, bwana mnene mwenye kamera shingoni, naye anachovya kidole na kuonja. Anakunja uso. Gati zima linacheka, na yeye pia anacheka.

Watu wa hapa wanamwita Bi Mkondo. Kazi yake ni kuwapitisha wageni kwa boti, asubuhi hadi jioni, katika delta, pale mto mmoja mkubwa unapogawanyika kuwa vijito visivyohesabika kabla ya kuingia baharini. Ukimuuliza delta ni nini, hana jibu refu.

"Ni mahali mto unapochoka kubeba mzigo," anasema. "Umetoka nao mbali huko, udongo wa mashamba ya watu. Ukifika hapa unautua. Leo unautua huku, mwakani kule. Ndiyo maana njia niliyopita mwaka jana, mwaka huu inaweza kuwa kichaka."

Hapo ndipo udadisi wa safari hii ulipoanzia. Mtu anawezaje kuwa mwenyeji wa mahali pasipokaa palepale?

Yeye mwenyewe si mzaliwa wa majini. Kwao ni nchi kavu, ambako maji yalivutwa kisimani kwa kamba ndefu na kugawanywa kwa kikombe.

"Nilipoletwa hapa bibi harusi, nililia," anakumbuka. "Watu wakadhani namlilia mama. Wapi! Nililia kuona maji yanapita mlangoni mchana na usiku na hakuna anayeyakinga hata kwa ndoo moja."

Mumewe ndiye aliyekuwa akiendesha boti. Bi Mkondo aliuza chai gatini, na siku ambazo mumewe hakuwa na msaidizi, aliketi mbele ya boti na upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina na kusukumia. Kwa miaka mingi aliyaona maji akiwa mbele kuliko dereva, ingawa hakuna aliyemhesabu kuwa anajifunza. Yeye mwenyewe hakujihesabu.

Kisha asubuhi moja, mumewe alipokuwa akifunga kamba, mkono wa kulia uligoma. Mdomo ukaenda upande. Kiharusi.

"Hospitali kila niliyemuuliza alinifariji," anasema. "'Usijali dada, mwezi ujao atakuwa kwenye boti yake.' Nikakaa kungoja mwezi ujao. Ukaja mwezi, ukapita. Boti ikaota ukoga. Mwisho muuguzi mmoja akanishika bega, akaniambia, 'Mkono ule hautarudi kuwa kama zamani. Jipange.' Siku ile nililia mpaka macho yakavimba. Kesho yake nikaenda kusugua boti."

Anageuka kuiangalia boti.

"Wale wote walinidanganya kwa huruma. Lakini aliyenisaidia ni yule mmoja aliyeniliza."

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alitaka boti iuzwe. Ndiye aliyembandika jina la Bi Mkondo, kwa kejeli, kwa kuwa kila alipomwambia auze, yeye alijibu kwa habari za mikondo ya maji. "Nikalivaa," anasema, "likanienea."

Anasimulia safari yake ya kwanza huku akicheka. Mzee mmoja alipanda, akamuuliza nahodha yuko wapi. "Nikamwambia unazungumza naye. Akacheka sana, akakaa kumngoja nahodha. Nikafungua kamba tukaondoka. Nadhani mpaka leo anamngoja."

Siku hii abiria ni sita, ukimwacha mwandishi. Kuna vijana wawili waliooana karibuni, ambao wangependezwa hata na safari ya kuzunguka ndani ya pipa. Kuna bwana wa kamera na mpwa wake. Na kuna bibi mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, aliyekuja na binti yake.

Fundi huyo amevaa gauni jipya aliloshona mwenyewe. Alizaliwa humu ndani, katika kisiwa kimojawapo cha delta, akaondoka akiwa msichana mdogo baada ya mafuriko. Hakuwahi kurudi. Anataka kukiona.

Kabla boti haijaondoka, binti anamvuta Bi Mkondo pembeni, nyuma ya mapipa ya mafuta.

"Dada, yale uliyoniambia kwenye simu," ananong'ona, "bado sijamwambia."

Alichoambiwa kwenye simu ni kwamba kisiwa hakipo. Mto ulikimega ubavu mmoja msimu wa mvua, kisha ubavu wa pili, mpaka ukakimaliza.

"Mwonyeshe kisiwa chochote," binti anaomba. "Hatajua. Ashuke, afurahi, turudi. Nakuomba."

Bi Mkondo anakaza mfuniko wa tangi bila kuinua macho.

"Visiwa ninavyo vingi, mdogo wangu. Lakini mama yako akishuka akalia kwenye udongo wa watu wengine, yale machozi nitamrudishiaje? Nitampeleka kwao. Panda."

Binti anapanda, uso umemshuka.

Mwanzoni safari ni ya kustaajabu tu. Boti inaacha mto mpana na kuingia kijito chembamba ambako mikoko imeinama huku na huku mpaka matawi yanashikana juu. Bi Mkondo anazima injini na kuacha mkondo uwabebe. Anaonyesha kwa kidevu: ndege mdiria mwenye mgongo wa buluu juu ya tawi, kaa mwekundu mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake.

"Anampungia nani?" anauliza bibi harusi.

"Mchumba. Gando lile halimsaidii hata kula. Ni la maringo tu."

"Basi kama pikipiki ya huyu," anasema bibi harusi, akimgonga mumewe kiwiko.

Kwenye tope kuna samaki wadogo wanaotembea kwa mapezi na kuruka kama vyura. Bwana wa kamera anasahau kupiga picha, anatumbua macho tu. "Huyu ni samaki au anatutania?" anauliza. Bi Mkondo anakiri kuwa naye alijiuliza hivyo hivyo alipofika, akadhani mumewe amempeleka nchi ya majini na mashetani.

Fundi cherehani peke yake hatazami ndege wala kaa. Anatazama mbele. Kila kisiwa kinapotokea anajiinua kidogo kitini, kisha anakaa. "Siyo hiki," anajiambia. "Siyo hiki."

Saa nne na nusu hivi boti inatokea mahali papana, maji ya kahawia pande zote, hakuna mti, hakuna ukingo wa karibu. Bi Mkondo anazima injini na kushusha nanga.

"Mwanangu, hapa ni wapi?" anauliza fundi.

"Hapa ni kwenu, mama."

Maji yanagonga ubavu wa boti.

"Kwetu kulikuwa na miti."

"Ilikuwepo. Mto umekila kisiwa, mama. Ningeweza kukwambia gatini, lakini gatini ungegeuka ukarudi nyumbani bila kupaona. Nimeona nikwambie hapahapa."

Fundi anamgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ndiyo maana tangu jana unaniita mama, mama, kama mtu anayetaka kukopa."

Binti anaanza kulia. Mama hajalia. Ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, anayatazama maji kama mtu anayesubiri yafunguke.

Bi Mkondo anachukua upondo na kuuzamisha wima. Haufiki mbali, kama kina cha kiuno hivi, unagota. Anamkabidhi fundi ncha ya juu.

"Shika. Gonga chini."

Fundi anagonga. Ko. Anagonga tena.

"Pagumu," anasema.

"Kwingine kote humu upondo unazama kwenye tope kama kijiko kwenye uji. Hapa unagota. Mto umekula udongo wa juu, lakini huu wa chini umekanyagwa na watu miaka na miaka. Umekataa kuondoka."

"Tumeukanyaga sisi."

"Nyinyi."

Basi fundi akachangamka. Akaanza kutoa amri kama aliyezaliwa nahodha. Jua lilikuwa likichomozea mbele ya mlango wao, kwa hiyo nyumba ilikuwa upande ule, boti isogezwe. Bi Mkondo akaipandisha nanga, akaisogeza. Ko, ko. Hapa jiko. Sogeza kidogo. Hapa alikaa baba akishona nyavu. Hapa shangazi alimchapa dada yake kwa kuiba sukari, na mwizi alikuwa fundi mwenyewe. Alicheka aliposema hivyo, na katikati ya kicheko ndipo alipolia.

Wakati huo maji yalikuwa yakipwa. Bwana wa kamera alitazama saa yake mara kadhaa, kisha akasogea nyuma kwa nahodha.

"Dada, sipendi kukatiza. Lakini tangazo lenu lilisema tutafika mlango wa mto, tuone bahari. Nimetoka mbali kwa ajili hiyo."

"Ni kweli, kaka, na ni haki yako. Njia ya kule inajifunga maji yakishuka. Tukiondoka sasa hivi tunawahi. Tukikaa, leo hatufiki. Siku nyingine nitakupeleka bila nauli."

"Siku nyingine sipo. Kesho nasafiri."

"Basi sema wewe. Ukisema twende, nitamwomba mama anipe upondo wangu."

Yule bwana alimtazama fundi, aliyekuwa ameinama akigonga taratibu, akisema na mtu asiyeonekana. Alivuta pumzi.

"Mwache amalize," akasema. Akarudi kukaa. Alinuna, na hakuficha kwamba amenuna.

Walipoondoka, njia ya baharini ilikuwa imeshajifunga kwa mchanga. Bi Mkondo alishika kijito chenye kina, akawapeleka chini zaidi, mahali ambapo hakuwa amepanga kuwapeleka wageni. Ni kisiwa kipya. Miaka michache nyuma palikuwa na maji matupu. Sasa kuna udongo laini wa rangi ya chai, matete machache, na miche ya mikoko iliyochomoza kama vidole. Yangeyange, wale ndege weupe, walikuwa wamesimama humo kama shuka zilizoanikwa.

"Huu udongo umetoka wapi?" aliuliza fundi.

"Juu. Kinachobomolewa kule ndicho kinachotua huku. Sikuapii kwamba ni ule wa kwenu, mama. Mto hauweki alama kwenye mizigo. Lakini kwenu kuko juu ya mkondo huuhuu."

Fundi alivua viatu. Binti yake alimshika mkono, wakashuka, gauni jipya likalowa tope mpaka magotini. Alisimama hapo kwa muda, vidole vikizama.

"Kumbe tumehama wote," akasema.

Bwana wa kamera, aliyekuwa hajapiga picha tangu asubuhi, alipiga moja. Kisha akamwomba binti namba ya simu ili aitume.

Si kila safari inakwenda hivyo. Nusu ya nauli huishia kwenye tangi la mafuta, na msimu wa mvua kubwa boti hulala mpaka njia zitulie. Zikitulia, Bi Mkondo hutoka peke yake na upondo kuitafuta delta upya, kijito kwa kijito. Mara mbili amekwama kwenye tope akingoja maji yarudi. "Nilikuwa na chai," anasema, kana kwamba hilo linamaliza habari.

Jioni, gatini, mumewe ndiye anayedaka kamba. Anaidaka kwa mkono wa kushoto na kuizungusha kwenye gogo kwa ustadi, huku mkono wa kulia ukipumzika mfukoni. Maneno yake hutoka polepole, ila utani haujapungua.

"Umechelewa, nahodha. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mke mwingine."

"Ukimpata, mwambie boti ni yangu."

Fundi cherehani hakuondoka mara moja. Alikaa kwenye benchi la chai na kuwaeleza mume na mke kuhusu majirani zake wa kisiwani walio hai bado. Wametawanyika mjini: mmoja huuza vitambaa, mmoja ni mlinzi mstaafu, mwingine macho hayaoni vizuri lakini masikio yapo. Hakuna aliyewahi kurudi, kwa kuwa kila mmoja alidhani mafuriko hayakuacha cha kurudia.

Sasa Bi Mkondo ana mpango. Kiangazi kikikolea, maji yakiwa mapole, atatenga siku moja kila mwezi kwa watu waliozaliwa humu ndani, awapeleke wakagonge pale zilipokuwa nyumba zao. Nauli watalipa ya mafuta tu. Shida ni kuwapandisha, maana ukingo wa boti ni mrefu kwa magoti ya wazee. Mumewe ameshaanza kutengeneza ngazi. Mbao amezibana kwa goti, anapiga randa kwa mkono wa kushoto.

"Na pondo ziwe nyingi," anasema Bi Mkondo. "Hatuwezi kupanga foleni kwenye mti mmoja."

Simu yake inaita. Namba haijui. Ni sauti ya mwanamume mzee, anayezungumza kwa kelele kama asiyeamini simu. Anasema amepewa namba na fundi cherehani, na anauliza kama huko kwao kunafikika.

"Kunafikika, baba," anajibu Bi Mkondo. "Uje na nguo ya kulowa."