Ciru alivyofukuzwa hotelini Nyeri kwa kupaza oda za chapati

Wakuu, salamu kutoka huku kwenye baridi.

Nimesoma maoni yenu kuhusu watoto wadogo wanaopiga kelele mikahawani. Wengi mnasema wabaki nyumbani. Na mimi nina langu, la miaka ya tisini, Nyeri mjini. Sitaongeza chumvi, na pale ukweli unaponiaibisha nitauacha hivyo hivyo.

Nilikuwa fundi wa viatu. Benchi langu lilikuwa kando ya soko.

Mke wangu alifariki mwezi wa tano, akaniacha na binti wa miaka miwili na nusu, Ciru. Kuhusu kifo hicho sina mengi ya kusema. Tulimzika, watu wakala, wakaenda kwao.

Dada yangu mkubwa, Wangari, ndiye alibaki nyuma. Yeye anaishi Mukurweini. Aliniambia:

"Huyu mtoto nipee. Wewe mwanamume utamchana nywele na nini, na brashi ya viatu?"

Nikakataa.

"Sawa. Lakini nikisikia amelala njaa ama amegonjeka, nakuja kumchukua, na tusigombane."

Kwa hivyo nilikuwa na kazi moja tu duniani: mtoto ale vizuri. Akikosa kula, nimempoteza.

Kupika sikujua. Ugali wangu ungefaa kuwa soli. Kila saa saba tulienda kula hoteli moja hapo karibu. Kwa walio mbali, hoteli kwetu ni mahali pa kula tu, vitanda hakuna.

Sasa niwaeleze utulivu wa hoteli hiyo.

Redio ilifunguliwa mpaka mwisho, ikawa inakwaruza.

Meza ya dirishani walikaa wazee wanne wa gazeti. Mmoja, mwalimu mstaafu, alilisoma kwa sauti, na watatu walimpinga kabla hajafika kwenye nukta. Vyama vingi vilikuwa vimeingia juzi tu, na kila mzee pale alikuwa rais.

Halafu kulikuwa na Kariuki, weita. Kariuki hakuandika oda. Alisimama katikati ya meza na kupaza sauti mpaka kwenye kidirisha cha jikoni: "Karanga mbili, chapo nne! Madondo moja!" Karanga kwetu ni nyama ya kukaanga, chapo ni chapati, madondo ni maharagwe. Mpishi, ndani ya moshi, hakuangalia ni nani amesema. Alisikia, akapakua. Ndivyo kazi ilivyoenda miaka yote.

Ciru alimtazama Kariuki kwa wiki tatu hivi. Akahitimu.

Wiki hiyo walikuwa wameajiri weita mwingine, msichana kutoka Naro Moru, sauti nyembamba kama uzi. Mpishi alikuwa bado anaizoea.

Ijumaa, hoteli imejaa. Mimi nimeinama nampoozea Ciru supu. Kuinua kichwa, kiti chake kitupu. Amesimama chini ya kidirisha, mikono kiunoni:

"Karanga nne, chapo nane! Madondo mbili! Haraka!"

Mpishi akapakua.

Kariuki akabeba sahani, akauliza, "Karanga ya nani?" Mikono ikainuka kila mahali. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu, na yeye alikuwa ameagiza chai tu. Hakuna sahani iliyorudi jikoni, wakuu. Hata moja.

Nilipaswa kusimama nimchukue mtoto wangu. Sikusimama. Nilikuwa nacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, na nilitaka iendelee kidogo.

Ikaendelea. Ciru akaongeza, "Na supu moja!"

Hapo ndipo wote waligeuka.

"Hii ni hoteli ama ni nasari?" Mwalimu mstaafu aliuliza, karanga mdomoni. "Mtu hawezi kula kwa amani?"

"Mwalimu, meza hiyo karanga kwanza," mtu akamwambia kutoka meza ya nyuma.

Mwenye hoteli, Gichuki, alitoka kaunta. "Baba Ciru, wewe ni mteja yangu. Lakini huyu mtoto yako ananiharibia kazi."

"Nitamfundisha."

"Mfundishe huko nje."

Hili sipendi kuliandika. Nilimvuta Ciru nikamchapa kofi la paja, mbele ya wote, ili wanione mimi ni baba mwenye nidhamu. Alilia mpaka akakosa pumzi. Alilia kuliko redio. Na kilio hicho hakuna aliyekilalamikia. Wazee walirudi kwenye gazeti wakiwa wameridhika.

Kesho yake kulikuwa na kipande cha katoni mlangoni: watoto wadogo hawaingii, tunataka utulivu. Kariuki alisimama hapo akiwasomea wasiojua kusoma, na huo utulivu ulisikika mpaka sokoni.

Sikuwa na pa kumwacha mtoto. Nikaanza kununua chakula na kumlishia benchini, katikati ya gundi, misumari na mikebe ya rangi. Mteja akija na kiatu, naacha kumlisha, nashika nyundo.

Siku ya nne nikiwa nashona buti la askari wa chuo cha polisi cha Kiganjo, Ciru alichovya chapati kwenye mkebe wa rangi nyeusi, akaipaka vizuri kama siagi, akala nusu.

Alitapika siku mbili. Hospitalini walisema ana bahati.

Mama mmoja wa mboga ana jamaa Mukurweini. Jumamosi Wangari alikuwa hapo. Nilidhani atanitukana. Alimpanguza Ciru mdomo, kwenye pembe bado pana weusi, akasema polepole, "Ndugu yangu, hii haiwezekani."

Nikafunga nguo za mtoto mwenyewe. Zilitosha mfuko mmoja.

Nilikuwa naenda kila Jumapili. Mwanzoni alilia nikiondoka. Baadaye alinipungia mkono. Mwaka uliofuata alimwita Wangari mama, na sikumrekebisha, kwa sababu lilikuwa jina la kazi iliyofanywa.

Leo Ciru ana watoto wake. Ananiheshimu sana, jinsi mtu anavyomheshimu mjomba.

Sisemi watoto waachwe wapande meza. Siku ile makosa yalikuwa yangu, ningemshika mapema. Nilichojifunza ni kwamba mtoto mdogo hatoki hotelini peke yake. Anatoka na mtu. Kabla hujaita weita amwondoe, jiulize hao wawili wanaenda kula wapi.

Haya, maoni yenu, wakuu. Anayeona Gichuki alikuwa sawa aseme bila kuniogopa, hata kwa herufi kubwa. Kelele hazinisumbui. Nyumba yangu imenyamaza miaka mingi.