Programu Isiyojua Kusalimia

Fundi wetu wa programu, ghorofa ya tatu hapa Addis, hakai kitini; anachuchumaa juu yake, kompyuta mapajani, akitafuna shayiri ya kukaanga. Kazi ikimkubali anavuta pumzi kwa sauti, "hhh!", ndivyo sisi huku tunavyosema "ndiyo", kisha anacheza ngoma ya mabega peke yake. Jana alitutumia wapangaji wote kijiprogramu cha kuagizia injera, ile chapati yetu chachu ya kila siku, kinachofunguka humohumo Telegram. Hakuna aliyeagiza! Akashuka mbio, kompyuta kwapani, kwa Mama Aselefech, mpangaji wa chini.

"Mama, gusa hapa tu, injera inakuja!"

"Niguse? Hata hakijaniuliza nimeamkaje. Kimelelewa na nani hicho?"

Fundi akacheka hadi shayiri ikamwagika, akachuchumaa palepale ngazini, vidole vikaruka. Mama alipofungua tena, kikamuuliza: umeamkaje, umelala salama, watoto je, na afya? Akajibu swali moja moja, uso umemchanua, kisha akaizima simu na kuitia mfukoni.

"Mama! Na injera?"

"We mwanangu, ndiyo kwanza tumejuana leo, nianze kukiomba chakula?"

"Hhh!" akavuta pumzi fundi, na mabega hayo yakaanza.