Amina ya Mama

Riwaya zangu tatu za Kifaransa mama alizipanga kwenye kabati la vioo, kati ya sahani za wageni, na hakuzifungua hata siku moja. Kusoma anajua. Ila Kifaransa chake ni cha kujazia karatasi za ofisini, basi. Wageni wakija kwake mtaa wa Makomeno, hapa Lubumbashi, anawaonyesha majalada, nami natabasamu huku moyo unaniuma.

Ndiyo sababu riwaya ya nne niliiandika kwa Kiswahili. Wakati huo nilikuwa nimeshawachosha watu: kila shule, kila parokia iliyonifungulia mlango, nilihimiza watu wasome kwa lugha wanayogombana kwayo nyumbani. Nikaandika, kamusi ikiwa mkononi, Kiswahili bora kabisa.

Jumapili moja, baada ya kula bukari, ugali wetu, nilimsomea mama na mdogo wake. Walikaa wima, mikono mapajani, kimya. Nikajua nimewapata. Nilipomaliza sura ya kwanza, wote wawili wakaitika, "Amina."

Sura yenyewe ilikuwa ya mwanamke anayemfukuza mumewe mlevi.

"Neno ya Mungu iko muzuri, mutoto wangu," mama aliniambia kwa upole. Kumbe Kiswahili cha namna ile hukisikia kanisani tu, na kule msomaji akimaliza, unaitika. Nilirudi kwangu Karavia nimenuna, sifichi. Mtu mzima mimi, nahubiri lugha ya nyumbani, halafu naandika ya madhabahuni.

Nikaanza upya, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na Kifaransa chake ndani. (Hiki mnachosoma ni kile cha kanisani, ninyi mko mbali, mnivumilie.)

Safari hii nilipowasomea sikufika ukurasa wa tatu. Mama alinikatiza. "Apana. Mwanamuke mwenye kukasirika hawezi kusema vile. Anatupa kwanza bintu ya bwana inje, kisha njo anasema." Mdogo wake akambishia, wakavutana mpaka chai ikapoa. Mimi niliandika yote pembeni mwa karatasi, nina furaha hadi naona aibu.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea nakala. Wiki mbili baadaye nilichungulia kabatini: zile tatu zipo, ya nne haipo. Niliikuta jikoni, jalada limelowa mawese, kijiko kimeshikilia ukurasa katikati. Nikachukua kitambaa niifute.

"Acha vile," mama alisema. "Niko nasoma."