Kamba ya Bi Mize

Jamani, leo nimeumbuka ndani ya shimo!

Tangu siasa ituingilie hapa Wawi, nimewakataza watu wangu kuchota kisimani kwa jirani yetu Bi Mize, kwa kuwa chama chake si changu. Nikaanza kuchimba kisima changu.

Leo maji yametoka! Nikapiga kelele kutoka chini, makusudi anisikie:

"Bi Mize! Maji yako baki nayo!"

Mke wangu akainama juu ya shimo. "Nyamaza! Kamba hii tunayovutia udongo nimeiazima kwake."

"Na yeye anachotea nini?"

"Hachoti. Siku ya tatu hii anakwenda mtoni."



Nimetoka shimoni kwa kushikilia kamba hiyo hiyo.

Sasa niambieni, nairudisha kwa uso gani?